Kosa la Fabian Nililoliona Nikauchuna

Mwaka 2004, mwezi wa nane, kompyuta ilisema mbele ya watu zaidi ya mia kwamba mfongo wa kwetu una maji mengi kuliko wa wenzetu wa juu.

Siku hiyo hiyo kuku wa jirani walikuwa wanaoga vumbi ndani ya mfongo huo.

Watu wote mle ukumbini walijua umekauka. Wakapiga makofi.

Mimi na rafiki yangu mmoja tu ndio tuliojua kwa nini kompyuta inadanganya. Nilikuwa najua kwa wiki tatu, na nilikaa kimya makusudi, kwa sababu kulikuwa na mtu nilitaka aumbuke na mimi niwepo nikimwangalia.

Naitwa Mektrida. Kijiji sikitaji, wenyewe wakisoma watajijua.

Ngoja nianze mwanzo.

Kwetu ni mlimani, juu ya Kwa Sadala. Maji ya kumwagilia tunayapata kwa mfongo, yaani mfereji ambao mababu waliuchimba kutoka mtoni kuyaleta vihambani, kwenye mashamba yetu ya nyumbani. Mfongo wetu unagawanyika matawi mawili. Watu wa tawi la juu walikuwa na siku nne za maji kwa wiki, sisi wa chini tulikuwa na tatu; siku isiyo zamu yako, tawini kwako yanapita yanayovuja tu.

Na hatukupendana hata kidogo. Wa juu walikuwa wanasema sisi ni wavivu wa kusafisha mfongo. Sisi tulikuwa tunasema wao ni wezi wa maji. Hata kwaya kanisani tulishindana.

Mama yangu, Veronika, alikuwa mjane. Mwaka ule aling'oa kahawa yote ya zamani aliyoiacha baba, akapanda miche mipya mia mbili. Miche ya mwaka wa kwanza bila maji kiangazi haiponi, na mama hakuwa na shamba lingine.

Mimi nilikuwa nimepanga chumba Kiboriloni, nafanya kazi mjini kwenye ofisi ya mradi mmoja wa maji.

Mradi ulifunga vipima maji kwenye mifongo, kila tawi kimoja. Kila baada ya saa moja, kile kifaa kinapima kina cha maji kwa sentimita na kuhifadhi namba. Hakiandiki kwa maneno. Kinaweka baiti ghafi, yaani namba tupu za kompyuta, baiti moja kwa kila saa, na ukiifungua kama barua unaona takataka tupu.

Ofisini tulichora grafu zetu kwa Python, lugha ya kuandikia programu. Shida ni kwamba kifaa kilikuja na programu za lugha ya C peke yake. Ili Python izipate zile baiti, lazima mtu aandike kiungo cha katikati, kwa C, kinachopokea huku na kukabidhi kule.

Kiungo hicho nilikiandika mimi. Kilinichukua miezi mitano, kwa vitabu viwili vya kuazima na kafe ya intaneti iliyokuwa inakatika kila nusu saa.

Sasa hapa nisikilize vizuri, maana kesi yote iko hapa.

C ikipewa maandishi, inasoma mpaka ikutane na baiti ya sifuri. Ikiiona sifuri inajua maandishi yameishia hapo, inafunga. Kwa jina la mtu au barua, hakuna shida yoyote.

Kwa kipima maji ni balaa. Mfongo ukikauka, kina cha maji ni sifuri.

Kwa hiyo unapoikabidhi Python zile baiti, unaiambia na idadi yake. Chukua hizi, ziko mia nane, usisimame njiani hata ukikutana na sifuri. Kwenye programu yangu hilo lilikuwa alama moja tu, #, na neno moja la urefu mwishoni mwa mstari. Lile neno na ile alama vilinitesa karibu mwezi mzima mpaka nikavielewa.

Bosi wangu aliitwa Fabian. Injinia Fabian, suruali imenyooshwa mpaka mstari unakata, Kiswahili cha Dar, na mlimani alikuwa anafika kwa gari, anapiga picha mbili anarudi.

Siku mtaalamu kutoka nje alipokuja kukagua, Shamsia, katibu muhtasi wetu, alikuwa anaandika mambo ya kikao. Kwa hiyo nikaambiwa mimi nilete chai.

Naingia na sinia, namsikia Fabian anasema, "Hiki kiungo nimekiandika mwenyewe. Mwezi mmoja na nusu hivi."

Mgeni akaniangalia, akauliza huyu ni nani.

"Huyu anatusaidia kuchapa barua," Fabian akasema, wala hakugeuka.

Niliweka vikombe mezani. Chai ikamwagika kwenye kisahani cha mgeni, na Fabian akaniambia niwe makini.

Nilikwenda chooni nikalia. Sikulia kwa huzuni, nililia kwa hasira. Niliapa mle chooni kwamba huyu mwanaume lazima aaibike mbele za watu, tena watu wengi, na mimi nikiwa kiti cha mbele.

Haikupita siku nyingi Mungu akanipa, au niseme shetani.

Shamsia ndiye aliyenisimulia. "Shoga, jana yule mgeni alimbana bosi wako. Akamuuliza hii alama hapa ni ya nini, na huu urefu ni wa nini. Fabian akababaika, akasema vimebaki kwa bahati mbaya, atavitoa."

"Akavitoa?"

"Alivitoa pale pale mbele yake, shoga. Akajaribu, ikafanya kazi. Mgeni akafurahi."

Lazima ingefanya kazi. Alijaribia vipimo vya mwezi wa nne na wa tano, masika, mifongo yote imejaa mpaka inamwagikia barabarani. Hakukuwa na sifuri hata moja humo.

Nikafungua kompyuta. Kweli, alama haipo na urefu haupo. Nikachukua vipimo vya kuanzia tarehe moja mwezi wa saba, nikavipitisha.

Tawi la juu halikukauka kabisa, lilikuwa na maji kidogo kidogo, kwa hiyo lilisomwa lote. Zaidi ya vipimo mia nane, wastani sentimita sita.

Tawi letu la chini lilitoa vipimo mia mbili kumi na moja, basi. Siku nane na kitu za mwanzo, kabla halijakauka. Wastani sentimita kumi na nane.

Yaani kiangazi chote cha mama yangu kompyuta ilikuwa imekitupa. Ilikuwa imebaki na zile siku chache za neema.

Nikacheka peke yangu pale kwenye kiti.

Unajua kwa nini nilicheka? Mwisho wa mwezi kulikuwa na mkutano wa kuonyesha matokeo kijijini kwetu, na nilimjua Mzee Basili. Huyo ndiye mwenyekiti wa tawi la chini, na ulimi wake ulikuwa unaogopwa hadi na paroko. Nikapiga picha kichwani, Fabian na suruali yake ya mstari anamwambia Mzee Basili kwamba mfongo uliokauka una maji. Angeliwa mzima mzima.

Nikamwambia Shamsia mpango wangu. Hakucheka.

"Mektri, mwambie arekebishe."

"Thubutu."

"Hayo ni maji ya watu. Namba za kweli zingewaongezea siku. Maji ya mama yako."

"Wanaishi pale pale, Shamsia. Nani atakubali kuambiwa mfongo wake umejaa wakati anauona umekauka? Watamcheka, ataaibika, mimi nitarekebisha kwa dakika kumi na kila mtu atajua kazi ni ya nani."

"Na wasipocheka?"

Nikamwambia hawajui Wachaga wa chini.

Siku mbili kabla ya mkutano Fabian mwenyewe aliniita. Alionekana hana raha. Akaniambia, "Mektrida, hebu pitisha macho hapa. Kuna kitu kinahitaji kurekebishwa?"

Nilimtazama usoni. Nilikuwa na nafasi yote duniani.

"Iko safi, bosi," nikasema.

Mkutano ulikuwa Jumapili baada ya misa, ukumbi wa shule. Wa juu walikaa upande wa dirishani, wa chini upande wa mlangoni. Mama yangu alikuwa safu ya pili, kitenge kipya, amenishikia nafasi. Jenereta ikawashwa, projekta ikawaka, na shuka jeupe ukutani likaonyesha nguzo mbili za rangi. Fupi ya tawi la juu, sita. Ndefu ya tawi la chini, kumi na nane.

Mzee Basili akasimama taratibu, akavua kofia. Nilishika kiti kwa mikono miwili kwa furaha.

"Kumi na nane kwa sita," akasema.

Akageukia upande wa dirishani.

"Si ninyi mnaosema sisi ni wavivu, hatujui kutunza mfongo? Haya, someni wenyewe hapo."

Upande wetu wote ukalipuka kwa makofi. Na aliyeanza vigelegele, naapa kwa jina la baba yangu, alikuwa mama.

Ilinichukua muda kuelewa. Vifaa vilipofungwa, maneno yalikuwa yamezunguka kijijini kwamba mradi umekuja kupima nani anautunza mfongo vizuri. Kwa hiyo kwao zile namba zilikuwa maksi. Walijua tawi limekauka, walilijua kuliko mtu yeyote, lakini walikuwa wamewashinda watu wa juu kumi na nane kwa sita mbele ya wageni. Nani angesimama kukataa ushindi?

Kisha akasimama Gidioni, mwenyekiti wa tawi la juu. Mtu mpole, mnene, sauti ya chini.

"Tumekubali," akasema. "Wenzetu wamefaulu, tuwapongeze. Ila kama wao wana maji ya kumi na nane na sisi tuna ya sita, si haki tukigawana kama zamani. Naomba sisi tuchukue siku sita. Wenzetu wenye maji mengi wabaki na siku moja."

Nikamgeukia Mzee Basili. Angeweza kusema, jamani, huu ni uongo, tumekauka. Angewapa wa juu kicheko cha miaka kumi.

"Siku moja inatutosha," akasema, akavaa kofia.

Ikaletwa mbege, pombe yetu ya ndizi.

Hapo lazima nieleze. Kwetu zamu za maji zikikubaliwa, kata ya mbege inazunguka na kila mmoja anakunywa. Kata ikishazunguka, hakuna wa kugusa zamu zile mpaka mvua za vuli. Hata ufanye nini.

Nikajiambia simama, sema sasa. Nikasimama kweli.

Lakini Fabian akanitangulia. Alikuwa ameshika karatasi.

"Wazee wangu, kabla ya mbege nina jambo. Kazi hii mliyoiona niliwahi kusema ni yangu. Sikusema kweli. Iliandikwa na binti yenu huyu hapa, Mektrida, mtoto wa Mama Veronika. Namwomba radhi mbele yenu. Na jina lake ndilo lililoandikwa kwenye ripoti."

Ukumbi uliitikia mpaka mabati yakalia. Mama aliinuka akanikumbatia, analia, ananiita kwa jina nililoitwa nikiwa mdogo. Mzee Basili akaichukua kata kutoka kwa aliyekuwa anamimina, akaja nayo mpaka kwangu.

"Anza wewe, mama," akaniambia.

Sasa fikiria wewe ungefanyaje. Nikisema namba ni za uongo, nitaulizwa umejua lini. Nikisema nimejua wiki tatu, nitaulizwa ulinyamazia nini. Na mama amenishika mkono, na jina langu liko kwenye ripoti, na huyu mtu niliyetaka aumbuke amejiumbua mwenyewe bila hata kusukumwa.

Nilikunywa.

Tukiwa tunatoka Shamsia alinivuta pembeni. "Mimi ndiye niliyembana. Nilimwambia asipolitaja jina lako, nitakwenda kwa yule mgeni nikamweleze nani aliandika nini. Wiki nzima hakulala." Kisha akaniuliza, "Mbona hukusema?"

Nikamwacha pale, nikamfuata mama.

Jumatatu nilirudisha alama na urefu. Dakika kumi na mbili, na kumi kati ya hizo nilikuwa natafuta faili. Nikachapa grafu mpya, tawi la chini sentimita nne, na siku baada ya siku za sifuri. Nikampelekea Fabian mezani.

Akaiangalia juu mpaka chini.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Nilikuuliza, Mektrida. Nilikuita hapa nikakuuliza."

"Uliniita mchapaji."

Alichukua funguo za gari, tukapanda mlimani wote wawili. Niseme ukweli, hata mle garini bado nilikuwa namchukia. Miezi mitano ya maisha yangu aliinywa na chai yangu mwenyewe. Kuomba radhi kwake hakukuifuta, na mpaka leo kuna siku ikinijia nasaga meno.

Mzee Basili alitupokea vizuri. Nikamwamkia shikamoo, nikamwonyesha karatasi, nikamweleza sifuri na kila kitu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mradi hauna maji, maji ni ya mfongo," akasema. "Na kata imeshazunguka."

"Lakini mzee, zile namba hazikuwa za kweli."

"Najua hazikuwa za kweli. Mfongo si uko hapo nje? Lakini kata uliishika wewe wa kwanza, mama. Ningefanyaje na wewe mwenye kazi umekunywa?"

Fabian aliandika barua ya masahihisho, akalibeba kosa lote yeye. Wa juu waliipokea, wakaisoma, wakaikunja. Siku sita zao ziliendelea.

Sikwenda kwa mama wiki tatu. Nilikuwa natuma salamu na mikate. Mwishowe nikapanda Jumamosi moja asubuhi, nikamkuta njiani anatoka mtoni, ndoo kichwani, anapandisha lile bonde ambalo hata kijana linamtoa pumzi. Alikuwa na miaka hamsini na tisa.

Nikampokea ndoo. Tukaenda mpaka kwenye miche. Mingi ilikuwa imekunja majani, na aliyoiona haiponi tena alikuwa ameshaacha kuimwagilia.

Nikamwambia yote. Sinia la chai, ile alama, chooni, wiki tatu, mpaka lile neno "iko safi, bosi." Nilikuwa nasubiri anilaani.

Mama alikuwa anamwaga maji kidogo kidogo kwa kikombe, mche mmoja mmoja. Hakuinua kichwa.

"Na mimi nilipokuwa napiga vigelegele," akasema, "ulidhani sikujua mfongo wangu umekauka?"

"Mama."

"Nilijua. Asubuhi ile nilikuwa nimetoka kuchota mtoni. Lakini yule mke wa Gidioni alikuwa amekaa pale dirishani, ananitazama na ile midomo yake. Nikasema leo acha na wewe ikuume."

Akamaliza kikombe, akakipiga kwenye ukingo wa ndoo kikatoa tone la mwisho.

"Iliwauma kweli," akasema. "Kama dakika tano hivi."

Kisha akaingia ndani, akatoka na ndoo ya pili, akanipa. Tukashuka mtoni.

Nilishuka nayo kila Jumamosi na Jumapili mpaka vuli. Mvua ilipokuja wazee walikaa upya, siku zetu tatu zikarudi. Katika miche mia mbili ilipona arobaini na mmoja, na mama hakuwahi kupanda mingine.

Fabian alihamia mkoa mwingine mwaka uliofuata. Watu huniuliza kama nililipiza kisasi. Nililipiza, ila aliyelipa alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na tisa na ndoo kichwani.

Kwa wewe unayesoma hapa na kuna mtu kazini amekudhulumu, sitakuambia umsamehe, mimi mwenyewe nimeshindwa. Nakuambia hivi tu. Ukiliona kosa lake, liseme siku hiyo hiyo, halafu endelea kumchukia. Chuki inaweza kusubiri, lakini miche ya watu haisubiri.